Siklofilini A: kimeng'enya cha kukunja protini ambacho dawa ya figo na VVU vinagombea mfuko wake mmoja

#1 Mwanamaabara (mtoa mada)

Wakuu salaam.

Kuna protini iliyomo ndani ya kila seli ya mwili wako, na imo kwa wingi kweli. Kati ya asilimia 0.1 na 0.6 ya protini zote zilizomo kwenye majimaji ya seli ni hiyo peke yake. Inaitwa siklofilini A. Kazi yake ya kuzaliwa ni kusaidia protini nyingine zijikunje, lakini ukifuatilia habari zake utaikuta kwenye mambo yasiyofanana kabisa: waliopandikizwa figo, VVU, homa ya ini C. Watu wengi humu wameshauliza dawa za kushusha kinga zinafanyaje kazi, wakajibiwa kwa mistari miwili. Leo tukae nayo chini.

Hoja yangu ni moja. Magonjwa mengi tunayoyahusisha na kimeng'enya hiki hayatokani na kuharibika kwake. Chenyewe kizima. Ila ubavuni mwake kuna mfuko mdogo, na huo mfuko wengine wameshaujua na wanautumia kwa shughuli zao.

Tuanze na prolini, maana bila prolini hakuna hadithi. Protini inapotengenezwa hutoka ikiwa mnyororo mrefu wa asidi amino, na mnyororo huo haufanyi kazi yoyote mpaka ujikunje upate umbo lake. Asidi amino za kawaida zipo 20. Kwa 19 kati ya hizo, bondi inayoiunganisha asidi amino na ile iliyoitangulia hukaa mkao mmoja karibu siku zote, ule ambao uti wa mnyororo unakwenda kwa kupishana. Prolini ndiyo mkaidi. Mkia wake umegeuka ukajifunga kwenye naitrojeni ya uti wenyewe, ikawa pete. Kwa hiyo bondi inayoitangulia inaweza kukaa mkao wa kupishana au mkao wa upande mmoja, ambapo mnyororo unapinda ghafla. Ukipekua protini ambazo maumbo yake yanajulikana, prolini kama 5 au 6 katika kila 100 zimekaa mkao wa upande mmoja.

Kuhama mkao kunataka bondi izunguke nyuzi 180. Ikiachwa yenyewe inachukua makumi ya sekunde, wakati mwingine dakika nzima. Hapo ndipo siklofilini A inapoingia: inaishika prolini, inaizungusha, inaiachia, na kasi inaongezeka zaidi ya mara laki moja. Haikati kitu wala haiungi kitu. Inageuza tu.

Historia yake imeanzia sehemu mbili ambazo hazikujuana. Mwaka 1984 huko Halle, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, Gunter Fischer na wenzake walionyesha kwamba ndani ya figo ya nguruwe kuna kimeng'enya kinachogeuza prolini. Mwaka huohuo Marekani, Robert Handschumacher na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa kwenye tezi ya thaimasi ya ng'ombe protini inayoikamata siklosporini, dawa ya kushusha kinga, wakaipa jina la siklofilini. Miaka mitano ikapita. Mwaka 1989 ndipo ikathibitika kwamba wote wawili walikuwa wameshika kitu kimoja.

Umbo nitalieleza kwenye post inayofuata. Karibuni.

#2 Kidato cha Sita

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye prolini nimekuelewa vizuri kuliko nilivyoelewa darasani. Naomba utufafanulie umbo lenyewe. Na pia watu wanajuaje kwamba iko hivyo, wakati hakuna hadubini ya kawaida inayoweza kuiona?

#3 Mwanamaabara

Marahaba mwanangu.

Siklofilini A ya binadamu ina asidi amino 165, uzito wake kama daltoni 18,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kwa protini ni kitu kidogo. Umbo lake lilianza kuchapishwa mwaka 1991. Ina kamba bapa nane zilizojipanga sambamba, kila moja ikielekea kinyume na jirani yake, zikajizungusha zikawa pipa. Juu na chini pipa limezibwa na helisi mbili, yaani vipande vya mnyororo vilivyojisokota.

Sasa angalia jambo hili. Ukisikia pipa utadhani kazi inafanyika ndani. Ndani hapaingiliki, pamejaa asidi amino za aina ya mafuta zilizobanana. Kazi yote inafanyika nje, ubavuni. Pale fenilalanini namba 60, methionini 61, fenilalanini 113 na leusini 122 zimetengeneza kishimo kisichopenda maji, na pete ya prolini inazama humo. Pembeni imesimama arginini namba 55. Hiyo ndiyo yenye shughuli: inaivuta naitrojeni ya prolini, bondi inalegea, inazunguka. Watafiti waliibadilisha arginini hiyo moja tu kuwa alanini, kazi ya kimeng'enya ikashuka hadi kama asilimia 0.1 ya ilivyokuwa. Asidi amino moja kati ya 165! Kila nikilifundisha hili huwa najisikia kusimama kidogo.

Kuhusu kuonekana: protini inasafishwa, inaachwa itengeneze fuwele, fuwele inapigwa mionzi ya eksirei, na kutokana na jinsi mionzi inavyotawanyika watu wanapiga hesabu kila atomu imekaa wapi. Zamani na mpaka leo fuwele nyingi hugandishwa kwa baridi kali sana ili zisiharibiwe na mionzi. Mwaka 2009 James Fraser, Dorothee Kern na wenzao walipima siklofilini A bila kuigandisha, katika joto la kawaida la chumba. Wakaona asidi amino kadhaa, zikiwemo fenilalanini 113 na serini 99, zina mkao wa pili ambao baridi ilikuwa inauficha. Wakabadilisha serini 99, ambayo iko mbali na mfuko, na kazi ya kimeng'enya ikapungua sana. Maana yake mtikisiko wa kimeng'enya chenyewe ni sehemu ya kazi. Picha ya kitabuni imetulia, kitu chenyewe hakitulii.

#4 Dada wa Iringa

Mtoa mada, asante kwa madini. Mimi si mtu wa sayansi ila hii mada imenigusa nyumbani. Kaka yangu alipandikizwa figo nje ya nchi na anameza siklosporini asubuhi na jioni. Ukichana tu ile karatasi ya vidonge, harufu kama ya spiriti inakupanda puani. Fizi zimemvimba mpaka zimeanza kuyafunika meno ya mbele, na vinyweleo vimemuota usoni. Swali langu: kama dawa hiyo inakishika kimeng'enya kinachokunja protini, sasa protini zake zinakunjwa na nani? Isije ikawa tunamlinda figo huku mwili mzima unaharibika.

#5 Mwanamaabara

Dada, pole na kuuguza. Swali lako ndilo lililowashughulisha wanasayansi kwa miaka, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende protini hii.

Siklosporini ilitoka kwenye kuvu. Kampuni ya Sandoz ya Basel, Uswisi, ilikuwa inawaomba wafanyakazi wake wakisafiri warudi na udongo, ili ukaguliwe kama una vijidudu vyenye dawa. Udongo uliochukuliwa mwaka 1969 kwenye uwanda wa Hardangervidda, Norwe, ulikuwa na kuvu anayeitwa Tolypocladium inflatum. Walikuwa wanatafuta antibaotiki. Mwaka 1972 ikaonekana kwamba inatuliza kinga bila kuua seli ovyo, kazi ambayo majina ya Jean-François Borel na Hartmann Stähelin yanahusishwa nayo. Mwaka 1978 daktari wa upasuaji Roy Calne, Cambridge, akachapisha matumizi yake kwa waliopandikizwa figo. Kwenye jaribio kubwa la Ulaya lililotolewa mwaka 1983, baada ya mwaka mmoja asilimia 72 ya figo za waliopewa siklosporini zilikuwa bado zinafanya kazi, dhidi ya asilimia 52 kwa waliokuwa kwenye dawa za zamani. Hao ni watu 20 zaidi katika kila 100 ambao hawakurudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Dawa yenyewe ni pete ya asidi amino 11. Inapoingia ndani ya seli inazama kwenye mfuko ule ule wa prolini, na kweli kimeng'enya kinasimama kazi. Wengi wakadhani basi, hiyo ndiyo siri: prolini zisipogeuzwa kinga inalala.

Haikuwa hivyo. Zilipatikana dawa za jamii hiyo zinazoziba mfuko vizuri kabisa na bado hazishushi kinga hata kidogo. Jibu likaja mwaka 1991. Nusu ya pete ya siklosporini inamezwa na mfuko, nusu ya pili inabaki nje. Siklofilini na dawa zikiungana zinatengeneza uso mpya ambao haukuwepo kwa kimoja wala kwa kingine, na uso huo unakwenda kuikamata protini ya tatu, kalsinurini.

Kalsinurini ndiyo inayopeleka habari kwenye seli T, ambazo ni askari wa kinga. Seli T ikigusa kitu kigeni, mathalani figo ya mtu mwingine, kalsiamu inapanda ndani yake, kalsinurini inaamka, inaondoa fosfeti kwenye protini inayoitwa NFAT, NFAT inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni la intalukini-2, ujumbe unaoziambia seli T zizaliane. Hapo jeshi linazaliana. Siklofilini na siklosporini zikishakaa juu ya kalsinurini, hazigusi hata mahali penyewe pa kuondolea fosfeti. Zinakaa mbele yake, kama lori lililoegeshwa getini: mtoto anapita pembeni, gari haliingii. Molekuli ndogo za majaribio bado zinafika na kufanyiwa kazi. NFAT ni kubwa, inakwama nje.

Kwa hiyo, dada, kinachomlinda kaka ni huo muungano. Hakitokani na kusimama kwa ukunjaji.

Sasa protini zake zinakunjwa na nani? Binadamu ana siklofilini 17, na mbali na hizo kuna koo nyingine mbili za vimeng'enya vya kugeuza prolini. Panya waliotolewa jeni la siklofilini A wanazaliwa na wanaishi. Wa ukoo fulani walipata mzio wa kope za macho, kwa sababu seli T zao zilikuwa kali kupita kiasi. Na kinga ya panya hao haishuki kirahisi ukiwapa siklosporini, maana dawa haimpati mwenzake wa kuungana naye. Kwa hamira wamefika mbali zaidi: mwaka 1997 walitoa jeni zote 12 za koo mbili za vimeng'enya hivi kwa pamoja, hamira ikaendelea kuishi. Mwili wa kaka hauporomoki kwa sababu hiyo. Madhara anayopata yana njia nyingine, na moja zito ni kwamba siklosporini yenyewe ikizidi inaumiza figo.

#6 Nesi wa Zamu

Niongezee hapo kwa Dada wa Iringa, maana nimehudumia wagonjwa wa namna hiyo.

Kwanza fizi. Muulize kaka yako kama kwenye dawa zake za presha kuna nifedipini. Ni dawa ya kawaida sana huku kwetu, na yenyewe pia inavimbisha fizi. Zikikutana na siklosporini hali inakuwa mbaya zaidi. Asiache mwenyewe, aende na boksi zote kwa daktari wake wa figo, waangalie kama presha inaweza kushikwa na dawa nyingine. Na meno yapigwe mswaki kwelikweli, asiogope damu kidogo, uchafu ukikaa kwenye fizi uvimbe unazidi.

Pili na ambalo linaniumiza roho: kifua kikuu. Mtu mwenye kinga iliyoshushwa anaweza kuugua TB, na TB hapa kwetu ipo. Anaanzishiwa dawa zenye rifampisini kwenye kituo ambacho hakijui kwamba ana figo ya kupandikizwa. Rifampisini inaliamsha ini livunje siklosporini haraka mno, kiwango kwenye damu kinaanguka, na figo inakataliwa wakati mgonjwa anameza vidonge vyake vyote bila kukosa. Takrolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga kwa waliopandikizwa, nayo iko hivyo hivyo. Mwenye figo ya kupandikizwa aseme kila mahali anapotibiwa, hata akienda kwa kikohozi.

Tatu, balungi. Tunda lenyewe na juisi yake. Linafanya kinyume: linazuia kuvunjwa kwa dawa, kiwango kinapanda, figo inaumia. Dawa za fangasi kama flukonazoli na antibaotiki kama erithromaisini ni hivyohivyo. Na mitishamba ambayo haijulikani ina nini ndani, naomba aiweke pembeni.

#7 Dada wa Iringa

Nesi, nifedipini ipo! Anameza ya kutwa mara mbili. Kliniki yake iko karibu, nitaenda naye mwenyewe na boksi zote. Mungu awabariki.

#8 Mzee wa Kigamboni

Nina swali dogo. Mlitaja takrolimasi. Na yenyewe inashika siklofilini?

#9 Mwanamaabara

Mzee wangu, hapana. Takrolimasi ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Inashika kimeng'enya kingine cha kugeuza prolini, FKBP12, chenye asidi amino 108 na umbo tofauti kabisa. Ajabu ni kwamba muungano wao nao unakwenda kuikamata kalsinurini ileile. Kuvu wa Norwe na bakteria wa Japani, molekuli zisizofanana, vimeng'enya visivyofanana, vyote vimeishia mlango mmoja. Mimi sijui mfano mzuri kuliko huo kwenye famakolojia nzima.

#10 Jirani wa Kisumu

Hamjambo. Mimi niko Kisumu, na huku VVU ni jambo la kila boma. Kichwa cha uzi kimetaja VVU lakini naona bado hujafika hapo, Mwalimu. Virusi vinataka nini na kimeng'enya cha kukunja protini?

#11 Mwanamaabara

Hatujambo jirani. Nilikuwa nakuja huko.

Mwaka 1993 Jeremy Luban na wenzake huko Marekani walikuwa wanatafuta protini gani za binadamu zinashikana na protini ya ndani ya VVU inayoitwa Gag. Ikatoka siklofilini. Mwaka 1994 ikaonyeshwa kwamba virusi vikitoka kwenye seli vinabeba siklofilini A ndani yao, kama moja kwa kila protini kumi za ganda. Na ukiziba mfuko kwa siklosporini, virusi vinavyotoka vina uwezo mdogo wa kuambukiza.

Ganda ninalosema ni lile la ndani, la umbo la pia, linalobeba jeni za kirusi. Limejengwa kwa nakala zipatazo 1,200 hadi 1,500 za protini moja, zikijipanga sita sita, na mahali 12 zikiwa tano tano ili ganda lifunge. Kila nakala ina kitanzi kinachochomoza nje. Kwenye kitanzi hicho kuna glisini namba 89 na prolini namba 90, na prolini hiyo inazama kwenye mfuko wa siklofilini A. Mwaka 1996 fuwele ya vyote viwili vikiwa vimeshikana ilichapishwa, na kila kitu kikaonekana: fenilalanini 113 palepale, arginini 55 palepale.

Watu walidhani kirusi kinataka kusaidiwa kukunja ganda lake. Miaka mingi ikapita na hesabu hazikukubali. Kilichokuwa na maana zaidi ni siklofilini iliyomo kwenye seli inayoingiliwa, kuliko ile iliyobebwa ndani ya kirusi.

Jibu lilianzia kwa kima. Mwaka 2004 kundi la Joseph Sodroski, Boston, liligundua kwamba kima wa Asia aina ya rhesasi wana protini ya ulinzi, mlinzi anayeitwa TRIM5, ambaye analitambua ganda la VVU mara tu linapoingia kwenye seli na kulivunja. Binadamu naye ana TRIM5, lakini kwa VVU anaonekana dhaifu. Mwaka 2020 tafiti kwenye seli za damu za binadamu zikaonyesha sababu kubwa: siklofilini A ikishajipanga juu ya vile vitanzi, inalifunika ganda, TRIM5 yetu haipati mahali pa kushika. Ukiiondoa siklofilini, TRIM5 ya binadamu inaamka na kuvizuia virusi.

Kwa maneno mengine VVU vimevaa protini yetu wenyewe ili mlinzi wetu asivitambue.

Na kuna jambo moja bado. Kima wa usiku wa Amerika Kusini, wale wenye macho makubwa, hawaambukizwi VVU-1. Mwaka 2004 hiyohiyo Luban na wenzake walitazama jeni lao la TRIM5 wakakuta kitu hakijawahi kuonekana: nakala ya jeni la siklofilini A ilikuwa imeruka na kudondokea ndani ya jeni la TRIM5. Mlinzi wao ana siklofilini mkononi. Ganda la kirusi linaponyoosha kitanzi kutafuta siklofilini, linamshika mlinzi. Baadaye, mwaka 2008, ikaonekana kwamba baadhi ya kima wa Asia nao wana muungano wa namna hiyo, uliotokea peke yake, mahali tofauti kwenye jeni. Mara mbili asilia imefika pale pale.

#12 Mchambuzi Huru

Mkuu nakuheshimu, lakini hapa nabisha. Kama ukiziba mfuko kirusi kinavuliwa nguo, siklosporini ipo madukani tangu miaka ya 1980. Mbona haikuwa dawa ya UKIMWI? Hapa mtu ataanza kusema dawa ilifichwa.

#13 Mwanamaabara

Kubisha kwako kuna haki, na heri umelisema wewe kabla ya hao wengine.

Haikufichwa. Ilijaribiwa kwa wagonjwa, na hakuna faida iliyodumu. Sababu ya kwanza unaiona mwenyewe: ni dawa inayozilaza seli T, na unampa mtu ambaye seli T zake ndizo zinazoisha. Ya pili ni kwamba kirusi kinabadilika. Maabara walipoviotesha virusi pamoja na siklosporini, vilitokea vyenye mabadiliko kwenye kitanzi, kwa mfano alanini 92 ikawa glutameti, na virusi hivyo kwenye aina fulani za seli vikawa vinastawi pale tu siklosporini inapokuwepo. Na ya tatu, ARV za kawaida zinashambulia vimeng'enya vya kirusi chenyewe, na zinafanya kazi vizuri mno. Mtu anayemeza ARV zake kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hana sababu ya kuitamani siklosporini.

Waliofika mbali zaidi kwa njia hii ni watu wa homa ya ini C. Kirusi hicho nacho kinahitaji siklofilini A, kupitia protini yake iitwayo NS5A. Ikatengenezwa alisporiviri, jamaa wa siklosporini aliyerekebishwa upande ule unaobaki nje ya mfuko, ili asiishike kalsinurini. Kinga haishuki, mfuko umezibwa, kirusi kinakosa msaada. Ilikuwa inaendelea vizuri kwa wagonjwa mpaka mwaka 2012, majaribio yakasimamishwa baada ya baadhi kupata uvimbe wa kongosho. Mwaka uliofuata dawa nyingine ya homa ya ini C, sofosbuviri, ikaingia sokoni, na kwa homa ya ini C mlango ukafungwa. Mimi nasikitika kidogo, kwa sababu wazo la kumnyima kirusi kitu cha mwenyeji ni wazo zuri: jeni la mwenyeji halibadiliki upesi kama la kirusi.

#14 Mdau Kampala

Ndugu zangu, huku Uganda tumesikia sana ile sindano ya miezi sita ya kuzuia VVU, lenakapaviri. Wanasema inashika ganda. Ni kwenye kitanzi hicho cha siklofilini?

#15 Mwanamaabara

Ndugu wa Kampala, swali zuri, na nyie mna haki ya kuliuliza kwa sababu jaribio lake kubwa lilifanyika kwenu na Afrika Kusini. Wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hiyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha hakuna hata mmoja wao aliyeambukizwa.

Ganda ni lile lile, mahali ni tofauti. Lenakapaviri inajipenyeza kwenye mwanya ulio kati ya protini mbili za ganda zilizopakana, inalikaza, na ganda linashindwa kujengeka au kufunguka kwa wakati wake. Kitanzi chenye prolini 90 kiko juu zaidi, kwenye uso wa nje. Lakini bila miaka ile ya kuhangaika na siklofilini na TRIM5, sidhani kama watu wangelitazama ganda kwa makini namna hiyo. Kwa muda mrefu lilichukuliwa kama kifungashio tu.

#16 Mama Pacha

Samahani kama natoka nje ya mada. Nina mtoto ambaye mifupa yake inavunjika ovyo, tangu mchanga. Daktari mmoja alitaja kwamba kuna aina inayotokana na siklofilini. Ni hii hii?

#17 Mwanamaabara

Mama, pole sana, na hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Ni ndugu yake, siklofilini B. Hii inakaa kwenye chumba cha seli ambamo kolajeni, ile protini inayoipa mifupa uimara, inatengenezwa. Kolajeni imejaa prolini kuliko protini nyingine nyingi. Siklofilini B hufanya kazi kwa kushikana na protini nyingine mbili, na pamoja huweka alama ya kikemia kwenye prolini namba 986 ya kolajeni. Mtoto akirithi jeni bovu la siklofilini B kutoka kwa baba na kwa mama, anaweza kupata ugonjwa wa mifupa myepesi kuvunjika wa aina ya tisa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto wasiokuwa na siklofilini B kabisa, na kolajeni yao ilijikunja kwa kasi ya kawaida. Yaani hata hapa, ambapo kweli kimeng'enya kimekosekana na mtu anaumwa, maelezo mepesi ya kwamba prolini hazigeuzwi hayatoshi.

Ila nisikutie wasiwasi wa bure. Aina hiyo ni nadra sana. Watoto wengi wenye mifupa ya namna hii wana hitilafu kwenye jeni mbili za kolajeni yenyewe, na hapo nakala moja mbovu inatosha. Tofauti hii ina maana kwako: kama ni ya siklofilini B, nyie wazazi wote wawili ni wabebaji wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kipimo cha jeni ndicho kinachoamua. Ukiweza kufika hospitali ya rufaa, omba daktari wa watoto anayeshughulika na mifupa au na magonjwa ya kurithi, na umuulize pia kuhusu dawa za jamii ya bisifosfoneti, ambazo hutumika kuongeza uzito wa mifupa kwa watoto hawa bila kujali ni jeni lipi.

#18 Nesi wa Zamu

Mama Pacha, na kabla hujafika huko: usimnyanyue kwa kushika makwapa wala usivute miguu wakati wa kumbadilisha nepi. Pitisha mkono chini ya makalio, mwingine nyuma ya mabega na kichwa, umbebe mzima mzima. Waelekeze na wote wanaomshika, bibi, dada wa kazi, na pacha wake akishakua kidogo. Beba karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa kila unapompeleka kutibiwa mvunjiko, ili usije ukahojiwa kwamba anapigwa.